Mifuko Miwili ya Dada

Hospitalini walimwita Mama Nyuzi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimsalimu asubuhi, hujamaliza kuuliza habari za nyumbani, yeye keshakujibu, "Nzuri, tuko kwenye nyuzi nne." Nyuzi nne za nini? Za friji ya damu, za nini tena! Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha damu: dirisha moja, meza moja ya chuma, sinki, na friji mbili zilizosimama ukutani. Damu ya mtu ikishatoka mwilini inataka baridi ya nyuzi mbili mpaka sita. Ukiigandisha, chembe zake hupasuka. Ukiipa joto, vijidudu vilivyojipenyeza humo huanza kuzaana kimya kimya, wala kwa macho huoni kitu. Nne ni katikati, na Mama Nyuzi alipenda kukaa katikati.

Mdomo alikuwa nao, tusifichane. Siku moja daktari mmoja mgeni alirudisha mfuko kutoka wodini, akauweka mezani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Hatukuutumia, mama. Urudishe tu kwenye friji."

"Umetoka hapa saa ngapi?"

"Kama saa nzima hivi iliyopita."

"Basi hiyo si damu tena, mwanangu, hiyo ni supu. Tia kwenye ndoo nyekundu."

Daktari akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mfuko uliokaa nje zaidi ya nusu saa, piga ua, ulikuwa hauingii tena kwenye friji ya Mama Nyuzi, hata auletaye awe mganga mkuu na tai yake. Siku nyingine alikuta mtu kaficha soda humo ndani ipate ubaridi. Akaitoa, akaisimamisha juani nje ya mlango wa maabara na kikaratasi: "Mwenye soda aje aichukue pamoja na aibu yake." Soda ile ilikaa pale wiki mbili. Hata nyumbani hakupumzika. Mumewe, seremala mpole asiye na makuu, alikuwa akiwaambia wageni, "Jamani, msiache mlango wa friji wazi, mke wangu ataandika ripoti."

Zile friji mbili zilikuwa na mikanda ya rangi milangoni. Yenye mkanda mwekundu ilitunza damu ambayo haijapimwa. Yenye mkanda wa kijani ilitunza iliyokwisha kupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, ikahakikishwa kundi lake. Mfuko haukuvuka kutoka nyekundu kwenda kijani bila saini mbili, ya Mama Nyuzi na ya fundi mwenzake, bwana mmoja mtaratibu waliyemwita Mzee Darubini kwa kuwa alishinda ameinamia darubini tangu asubuhi. Na kwenye mlango wa ile ya kijani kulikuwa na karatasi ya duara, kubwa kama sahani, na kalamu iliyochora mstari wa joto la ndani usiku na mchana, wiki nzima. Kila Jumatatu karatasi ya zamani ilitolewa, ikawekwa mpya.

Kulikuwa na kengele pia, na hapo ndipo kisa chetu kilipo. Ile kengele ilikuwa na kiherehere. Ukiacha mlango wazi dakika moja, inapiga kelele mpaka wagonjwa wa jengo la pili wageuke. Sasa mtu anayehesabu mifuko hawezi kumaliza kwa dakika moja. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao: unabonyeza kitufe cheupe, kengele inanyamaza, unahesabu kwa raha zako, unafunga mlango, unabonyeza tena. Friji ilikuwa kuukuu, ukishainyamazisha haijikumbuki yenyewe. Mama Nyuzi alikuwa akimfundisha hilo kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo. "Ukiilaza, usibanduke hapa mpaka uiamshe."

Mama Nyuzi alikuwa na dada mmoja tu, aliyemzidi miaka saba. Mama yao alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, dada akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo dada ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfulia sare, aliyemchapa na aliyembembeleza baada ya kumchapa. Sasa dada huyo alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kwa mwaka mzima alikuwa akivuja damu, leo nyingi, kesho kidogo, mpaka viganja vyake vikawa vyeupe na kupanda ngazi tatu ikawa kazi ya kupumzikia njiani. Dawa yake ilikuwa upasuaji, na upasuaji ulitaka damu. Damu yake ilikuwa kundi O hasi.

Wenye kundi hilo ni wachache, na hawawezi kupewa damu ya kundi jingine. Upasuaji wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa damu. Daktari hakuficha: "Bila chupa mbili pale mezani, mimi kisu sishiki." Watu bado wanasema chupa, ingawa ni mifuko. Mama Nyuzi mwenyewe alikuwa B chanya, na jambo hilo lilimkera kama vile ni uzembe wake. Alipiga simu kila alipojua pana friji ya damu, akaomba, akasumbua, mpaka baada ya wiki tatu mifuko miwili ikapatikana. Jumamosi aliichanganya kidogo kidogo na damu ya dada kwenye tyubu kuona kama zitagombana. Hazikugombana. Akaifunga vitambulisho vyenye jina la dada, akaiweka rafu ya juu, na jioni ile mumewe alimsikia akiimba jikoni.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu, saa tano asubuhi.

Jumatatu hiyo Mama Nyuzi alifika kazini saa moja na nusu. Akafungua friji ya kijani, akabonyeza kitufe cheupe, akahesabu. Mifuko ishirini na mitatu. Alipomaliza akaona bora ile miwili ya dada aishushe kwenye trei ya chini, pale mbele, ili wakija kuichukua isitafutwetafutwe. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alifanya kwa mapenzi tu. Akasukuma trei, akasukuma mlango, na papo hapo nesi wa mapokezi akachungulia.

"Mama, kuna mtu hapa anakutaka wewe. Anasema alitoa damu Ijumaa. Hataki kuniambia shida yake."

Akatoka.

Mtu mwenyewe alikuwa mwashi, baba mtu mzima, vumbi la saruji bado liko kwenye kucha. Aliketi kwenye kibenchi akikunja na kukunjua kofia. Mama Nyuzi akamwingiza chumba cha ushauri, akafunga mlango.

"Nilidanganya kwenye ile fomu," mwashi akasema. "Mliuliza mambo ya wanawake, nikaandika hapana. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, ningeandikaje? Sasa tangu Ijumaa silali. Nafikiria mtu atakayewekewa."

Usidhani Mama Nyuzi alimfokea. Kwa wagonjwa na wachangiaji hakuwa na ule mdomo. Alimsogezea glasi ya maji.

"Baba, umefanya jambo kubwa. Damu yako tutaipima, lakini ugonjwa ukiwa bado mchanga mwilini, kipimo kinaweza kuupita. Hapo hatuna mashine. Tuna ukweli wa mtu tu. Ungeweza kukaa kwako, na hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua," mwashi akasema.

Mama Nyuzi akaenda kuutoa mfuko wa mwashi kwenye friji nyekundu, akaupiga mhuri wa kutotumika, akajaza fomu, akamsindikiza mwenyewe mpaka kwa mshauri nasaha jengo la tatu, akasubiri naye foleni maana yule baba alikuwa anatetemeka. Aliporudi ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Roho yake nyeupe kabisa. Akaingia chumba cha damu kuandaa sanduku la barafu la dada.

Mlango wa friji ya kijani ulikuwa wazi upana wa vidole viwili.

Trei ya chini ndiyo iliyouzuia. Ile aliyoisukuma yeye, ilikuwa imechomoza kidogo, mlango ukaigonga ukarudi. Alipokwenda kwenye friji nyekundu na kurudi, alipita hatua mbili tu kutoka hapo na hakugeuza shingo. Na kengele ilikuwa imelala, kwa sababu Mama Nyuzi, mwalimu wa wote, hakuiamsha.

Akafunga mlango, akaangalia karatasi ya duara. Mstari uliotembea wiki nzima kwenye nne ulikuwa umepanda kama mtu anayepanda ukuta, tano, saba, tisa, ukafika kumi na moja, ukakaa.

Alivuta kiti akaketi. Kisha akafanya jambo ambalo angelimfukuza mtu mwingine kwa kulifanya: akafungua tena friji, akachukua mfuko mmoja wa dada, akaugusisha shavuni. Ulikuwa bado na baridi. Rangi ile ile, nzito, safi. Ungemwonyesha fundi yeyote duniani, asingekuta kasoro.

Na ilikuwa Jumatatu. Siku ya kubadili karatasi. Mpya zilikuwa droo ya pili, pakiti nzima. Kutoa hii, kuweka ile, dakika moja. Mkuu wa maabara alikuwa akizisaini zile za zamani akiwa anaongea na simu. Nani angeuliza? Mama Nyuzi alijikuta amesimama, kidole chake kiko kwenye kijipini kilichoshika karatasi, na kijipini kimeshalegea.

Huenda hazina neno, alijiambia. Na ndicho kilichomtesa, kwamba huenda kweli hazikuwa na neno. Angekuwa na hakika zimeharibika, wala asingefikiri mara mbili. Alimwona dada kule wodini, ameshavalishwa gauni la kijani, tumbo tupu tangu jana, anamsubiri yeye. Alilia kidogo, machozi ya hasira, akajifuta kwa mkono wa koti.

Likamjia wazo jingine, na hili lilikuwa baya kuliko la kwanza kwa sababu lilijifanya la busara. Atupe ile ishirini na mmoja, abakishe miwili ya dada. Hiyo ilikuwa trei ya chini, na chini baridi hukaa zaidi. Lo! Lilimkaa vizuri kichwani, lakini kwa nusu dakika tu. Halafu akajiuliza: kama ile ya juu haimfai mtoto wa mwenzangu, hii inamfaaje dada yangu? Kumbe nataka kumpa dada kile ninachowanyima watu nisiowajua kwa kuogopa kitawaua?

Akakaza kijipini. Akamwita Mzee Darubini.

Mzee Darubini alikuja akipangusa miwani, akaangalia karatasi, akamwangalia Mama Nyuzi, akaangalia tena karatasi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Na ya dada."

Mzee akaisogeza ndoo nyekundu karibu na friji. Akavaa glovu. Wakaitoa mifuko ishirini na mitatu mmoja mmoja, yeye akisoma namba, Mama Nyuzi akiandika, wakaitia kwenye ndoo nyekundu ya vitu vya kuchomwa. Ya dada Mama Nyuzi aliitia kwa mkono wake. Kisha akaandika ripoti, na mstari wake wa kwanza ulisema: Kosa ni langu. Akapiga simu kituo kikuu cha damu. Makundi ya kawaida wangeyaleta kabla ya saa nane. O hasi hawakuwa nayo hata tone.

Daktari alisikiliza kwenye simu, akasema, "Sawa. Nitamwambia kuna hitilafu ya friji."

"Hapana, daktari. Niachie nimwambie mwenyewe."

Dada alikuwa ameketi kitandani, nywele zimefungwa kitambaa cha hospitali, binti yake pembeni ameshika mkoba. Alipomwona mdogo wake akacheka. "Haya, umeniletea mzigo wangu? Nina njaa ya kufa mtu, nikatwe nile."

"Dada, hakuna upasuaji leo."

"Ala!"

Akamweleza yote, kengele, trei, mlango. Alisimama wakati wote, hakuthubutu kukaa.

"Kwa hiyo imeoza?" dada akauliza.

"Haijaoza kwa macho. Huenda haina neno."

"Huenda?"

"Huenda, dada. Siwezi kujua."

Sura ya dada ilibadilika polepole. "Sasa si ungeniwekea tu! Mwaka mzima nafua mashuka kwa siri kama mtoto kikojozi. Jana nimewaaga wanangu mmoja mmoja. Nimejiandaa kufa, nimejiandaa kupona, vyote viwili! Na damu ipo, huenda ni nzima, umeitupa? Mtu tuliyelala tumbo moja, unaniulia nafasi yangu kwa huenda?"

"Ungepata homa kali, ungeweza..."

"Nimekulea mimi!" Sauti ilikatika, hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Alijilaza, akageukia ukuta. "Toka. Nisikuone."

Binti akamtoa mama mdogo wake nje kwa kumshika bega.

Siku zilizofuata usiombe. Mkuu wa maabara alimpa barua ya onyo, nayo ilikuwa haki yake, hakulalamika. Waliokuwa wakimwogopa walimwonea huruma, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Kila siku wakati wa kutazama wagonjwa alikwenda mpaka mlango wa wodi, na kila siku binti alitoka na jibu moja: "Mama mdogo, bado hataki." Siku ya tano dada alivuja damu vibaya. Mama Nyuzi alijua kwa sababu sampuli ililetwa maabara, akaiona namba yenyewe kwenye mashine: wekundu wa damu umeshuka mpaka tano, chini ya nusu ya kawaida. Alikwenda stoo ya maji ya dripu akakaa juu ya boksi. Kama atakufa, alifikiri, nitakuwa nimemuua kwa mlango uliobaki wazi vidole viwili. Hakujipa udhuru wowote, na hakuna aliyekuja kumpa.

Siku ya tisa, Jumatano, gari la kituo kikuu lilileta mifuko miwili ya O hasi. Mama Nyuzi alimsogezea Mzee Darubini.

"Fanya wewe. Yote. Mimi mikono yangu haina haki na hii."

Mzee akalinganisha damu, akasubiri, akaangalia, akalinganisha tena. Zilipatana. Saa tano kasoro robo akaiweka kwenye sanduku la barafu, wakasaini wote wawili, akaondoka nalo kuelekea chumba cha upasuaji. Mama Nyuzi akabaki amesimama katikati ya chumba, hajui aishike kazi gani.

Haikupita muda Mzee Darubini akarudi, anahema, na sanduku mkononi.

"Kuna nini? Zimefanya nini?"

"Hazijafanya kitu. Dada yako ndiye kakataa. Yuko pale mlangoni kwenye kitanda cha magurudumu, manesi wanambembeleza, hasikii. Kaniuliza, 'Wewe nani?' Nikamwambia mimi ni mwenzake mdogo wako. Akasema, 'Wewe ni mtu mzuri, lakini sikujui. Mwambie yule aliyeitupa ile ya kwanza ndiye ailete hii. Akiileta yeye, nitajua ni nzima.'"

Mzee Darubini akamnyooshea sanduku.

"Imetoka saa ngapi?" Mama Nyuzi akauliza.

"Dakika saba."

"Basi unanisimamishia nini mlangoni? Nipishe!"

Akalikumbatia lile sanduku kifuani, akatoka mbio ukumbini huku analia, na watu wakampisha njia.